Kwa nini sala zetu za kila siku zimejaa maombi, na sifa tunaziachia kwaya?

#1 Katibu_Chumbageni
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo hapa Tanga mjini, na mojawapo ya kazi zangu ni kutunza daftari la nia za sala tunazokusanya tunapokutana nyumba kwa nyumba. Juzi nililipitia tangu mwanzo kwa sababu parokia ilitaka taarifa, na nikashangazwa na mwandiko wangu mwenyewe. Kuna ada ya shule, mgonjwa wa sukari aliyelazwa, kijana anayetafuta kibarua bandarini, mvua za vuli, kesi ya kiwanja, msafiri wa Dar es Salaam, kisha ada tena. Shukrani zipo, ingawa ni chache, na nyingi ni za kujifungua salama au kufaulu mtihani. Nia ya kumsifu Mungu kwa kuwa ni Mungu, bila kumwomba kitu wala kumshukuru kwa kitu, sikuiona hata moja.

Wakati huohuo, kila tunapobisha hodi katika nyumba hizo tunasalimiana "Tumsifu Yesu Kristo", na wenzetu wa madhehebu mengine husema "Bwana Yesu asifiwe". Inakuwaje watu wanaoingia mlangoni kwa sifa wakishakaa mkekani waanze mara moja kuorodhesha shida? Na je, tufanyeje ili sifa iwe sehemu ya sala ya kila siku, nyumbani na kazini, badala ya kuwa kipindi cha Jumapili tu?

#2 Mdadisi_Mikanjuni
Jibu ni fupi, mkuu: hali ngumu. Mtu ambaye kodi ya chumba inaisha wiki hii hawezi kupiga magoti akaanza kusimulia ukuu wa Mungu kana kwamba hana haraka. Anasema linalomchoma, na Yesu mwenyewe aliruhusu, kwani Mathayo 7:7 inasema tuombe nasi tutapewa. Ninashuku kwamba sifa ndefu ni sala ya watu walioshiba.

#3 Mwanglikana_Muheza
Mdadisi, kama sifa ni ya walioshiba, basi nabii Habakuki alikosea kitabu. Soma sura ya 3, aya ya 17 na 18: mtini hauchanui, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kundi, na hapohapo mtu huyo anatangaza kwamba atamfurahia Bwana. Fransisko wa Asizi naye alitunga wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa jua, mwezi, maji na upepo mnamo mwaka 1225 akiwa mgonjwa, macho yake yakishindwa kustahimili mwanga wa lile jua alilokuwa akilitaja.

Maelezo yangu ni tofauti. Sisi tuliolelewa upande wa Magila, kwenye misheni ya Kianglikana, tulikuwa na Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, na asubuhi ilifunguliwa kwa Zaburi ya 95, inayowaita watu waje wamwimbie Bwana kabla hawajaomba lolote. Zaburi zote 150 ziligawanywa katika siku 30, asubuhi na jioni, hivyo hata aliyeamka na uchungu alikutana na sifa kwa sababu ilikuwa zamu yake siku hiyo. Leo kila mtu anasali "kutoka moyoni", na moyo ukiachwa peke yake hutaja mahitaji yake. Tumeacha kitabu, na sifa zimebaki humo ndani.

#4 Sauti_ya_Nyikani
Bwana asifiwe wapendwa. Naona mnazungumza kana kwamba sifa ni adabu tu, ilhali Biblia inaonyesha kwamba ni nguvu. Katika Matendo 16:25 Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, misingi ya gereza ikatikisika na milango ikafunguka. Katika 2 Mambo ya Nyakati 20 mfalme Yehoshafati alitanguliza waimbaji mbele ya jeshi, na adui wakaanguka pasipo Yuda kurusha mkuki. Watu wangefundishwa kwamba sifa inafungua milango, daftari la Katibu lingejaa sifa kuanzia kesho.

#5 Mzee_Kaole
Wajukuu, msisahau historia. Salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo" ililetwa hapa Bagamoyo na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na ndipo ikaenea bara nzima. Sifa ilianza ufukweni kwetu, kabla hata ya kanisa la mawe. Ajabu ni kwamba vijana wa siku hizi hapa Dunda wanaitamka huku wakitazama simu.

#6 Katekista_Mstaafu
Shikamoo Mzee Kaole. Kwa heshima zote, nirekebishe kidogo. Mapadri hao walifika Zanzibar mwaka 1863, wakaja Bagamoyo miaka mitano baadaye, kwa hiyo kama ni kuhesabu ufukwe wa kwanza, Unguja wametutangulia. Salamu yenyewe ni ya zamani kuliko misheni zetu zote. Papa Sixtus wa Tano aliitolea rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi, mwaka 1587 ili waamini wakutanapo njiani wamtaje Kristo. Ile ya "Bwana asifiwe" nayo ilisambazwa sana na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuingia kwetu kupitia Bukoba.

Ndugu Katibu, daftari lako linapima nia, halipimi sala. Baba Yetu huanza kwa jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake, na mkate wetu unakuja nyuma ya hayo matatu. Kila fungu la rozari hufungwa kwa "Atukuzwe Baba". Katika Baraka ya Sakramenti Kuu kuna yale masifu yanayoanza "Mungu atukuzwe", ambayo Mjesuiti mmoja, Luigi Felici, aliyatunga mwaka 1797 ili kufidia matusi na makufuru ya watu wa zama zake. Sifa tunazo tele. Tatizo ni kwamba tunazipitia mbio.

#7 Binti_Dunda
Baba Katekista, hapo kwenye mbio umenigusa. Msibani hapa kwetu kiongozi hajamaliza "na Roho Mtakatifu" waitikiaji wameshafika "milele amina", na Baba Yetu ya fungu linalofuata imeanza juu ya pumzi ileile. Ukimuuliza mtu alitamka nini, hakumbuki. Ila nakumbuka pia kwamba tulipokuwa mafundisho tulipimwa kwa kukariri bila kukwama, kwa hiyo waalimu wetu nao wana fungu lao katika mbio hizi!

Sauti ya Nyikani, nakuuliza kwa upole. Milango ya gereza ilipofunguka, Paulo na Sila walitoka? Walibaki ndani, wakamzuia mlinzi asijiue, wakambatiza usiku uleule yeye na nyumba yake. Kama waliimba ili milango ifunguke, mbona hawakuitumia?

#8 Jirani_Mwema
Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu wa Ngamiani, nimeingia kusoma tu, lakini niseme neno moja kisha niwaache. Sisi tunasema "Alhamdulillahi" tukipiga chafya, tukimaliza kula na tukiulizwa hali hata kama tuna homa, na Al-Fatiha tunayoisoma katika kila rakaa huanza kwa kumsifu Mola, ombi la kuongozwa njia iliyonyooka likaja baadaye. Majirani zangu Wakristo hapa Tanga nao ukiwauliza hali wanajibu "tunamshukuru Mungu". Mimi naona mnasifu mchana kutwa, ila hamjajua kuiita sala.

#9 Mdadisi_Mikanjuni
Jirani Mwema ameeleza kuliko sisi wote, na sala ni yetu. Karibu tena, ndugu.

#10 MamaVitumbua_Ngamiani
Nawasalimu wote. Mimi ni mtu wa biashara ndogo na sina elimu ya dini, ila Mdadisi amesema sifa ni ya walioshiba, nami napenda kumjibu kutoka jikoni.

Naamka usiku kuwasha mkaa, kwa sababu unga wa mchele nimeuloweka na kuuacha uumuke tangu jioni, na wateja wa daladala za mapema hawasubiri. Chuma cha vitumbua kikishapata moto namimina mafuta kidogo katika kila kishimo, kisha uji, na kuna muda mfupi wa kungoja kingo zikauke ndipo nigeuze kwa kijiti. Mikono imeshika kazi, watoto wamelala, na hakuna wa kuzungumza naye. Hapo ndipo ninaposema Zaburi ya 103, niliyojifunza kwa kuisikia kwa marehemu bibi yangu, aya moja kwa mzunguko mmoja wa chuma. Siku ikiwa mbaya narudia ile ya baba anavyowahurumia watoto wake. Kodi ya chumba nadaiwa kama wengine, na nitaiombea nikishamaliza, lakini nikianza na kodi nafika mwisho wa beseni nikiwa na hesabu tu kichwani.

Sisemi kila mtu afanye hivyo. Nasema muda upo ndani ya kazi, hauhitaji kutafutwa nje yake.

#11 Mlutheri_Soni
Mama, umenipa furaha, na bila shaka hujui kwamba umemfuata Martin Luther. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliagiza kwamba mtu akiamka ajifanyie ishara ya msalaba, aseme Imani na Baba Yetu, aongeze sala fupi inayoanza kwa kumshukuru Baba wa mbinguni kwa ulinzi wa usiku, kisha aende kazini kwa furaha akiimba wimbo. Hakusema aende kanisani. Aende kazini.

Maelezo yangu kwa swali la Katibu ni kwamba tumewakabidhi sifa wataalamu. Kwetu milimani kila usharika una kwaya ya wazee, ya vijana, ya akina mama na ya uinjilisti, zote na sare zake, na mijini kimeongezeka kikundi cha kusifu na kuabudu chenye kinanda na spika zinazosikika mtaa wa pili. Msharika anakaa, anasikiliza, anapiga makofi, anarudi nyumbani akiamini kwamba amesifu. Nimeimba kwaya tangu ujana, kwa hiyo simsemi mtu wa nje. Mwanakwaya anayejua sauti ya nne ya nyimbo zote anaweza kukaa nyumbani juma zima bila kuimba hata ubeti mmoja na watoto wake.

#12 Sauti_ya_Nyikani
Mlutheri, spika ulizozitaja nadhani ni zetu, na nazipokea kwa mikono miwili. Binti Dunda, hoja yako ni nzuri lakini haifuti maandiko: milango ilifunguka walipokuwa wakiimba, na Luka hakuandika hayo kwa bahati mbaya.

#13 Mwanglikana_Muheza
Kuhusu Yehoshafati, ndugu Sauti, sura hiyo isomwe kuanzia mwanzo. Mfalme aliogopa kwanza, akatangaza mfungo, akaomba. Ombi lake katika aya ya 6 linaanza kwa kukiri kwamba Mungu anatawala falme zote, na linaishia aya ya 12 kwa kusema wazi kwamba hawajui la kufanya. Ahadi ya ushindi ilitolewa kwa kinywa cha Yahazieli kabla waimbaji hawajapangwa. Kwa hiyo waliimba kwa sababu waliamini neno walilokwisha kupewa. Tukiigeuza sifa kuwa ufunguo, tutarudi palepale kwenye daftari la Katibu, ila mahitaji yatakuwa yamevalishwa nyimbo.

#14 Mdadisi_Mikanjuni
MamaVitumbua, umenishinda kwa mfano wa maisha, ingawa bado nasema kwamba watu kama wewe ni wachache. Sasa nina swali gumu zaidi. Mungu anahitaji nini kusifiwa? Mwenyekiti wa mtaa akidai tumpigie makofi kila asubuhi kabla ya kusikiliza shida zetu, tutasema ana majivuno. Kwa nini jambo lililo baya kwa mtu liwe jema kwa Mungu?

#15 Katekista_Mstaafu
Swali hilo Kanisa limejiuliza zamani. Mojawapo ya Tangulizi za Misa za siku za kawaida, yaani sala ya padre kabla ya "Mtakatifu", inamwambia Mungu waziwazi kwamba yeye hahitaji sifa zetu, kwamba hata kumshukuru kwetu ni zawadi yake, na kwamba sifa hizo hazimwongezei ukuu bali zinatufaa sisi kwa wokovu. Padre anayatamka hayo altareni, mbele ya watu waliokuja kusifu! Mwenyekiti wako wa mtaa anapigiwa makofi kwa sababu anapungukiwa. Mungu hapungukiwi, na anayebadilika ni msifuji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2639, inasema kwamba sifa ndiyo sala inayotambua moja kwa moja zaidi kwamba Mungu ni Mungu, kwa ajili yake mwenyewe na si kwa ajili ya anachotenda tu.

#16 Mdadisi_Mikanjuni
Kama inatufaa sisi, basi tumerudi kwenye faida, na Sauti ya Nyikani hayuko mbali nanyi kama mnavyodhani.

#17 Mkwezi_wa_Pangani
Nimesoma kimya tangu juzi. Tulimzika mtoto wetu mwaka jana. Katika kikundi kimoja cha sala niliambiwa kwamba nikianza kusifu, huzuni itaondoka, na kwamba kukaa kwangu kimya ni upungufu wa imani. Sikurudi tena pale. Naomba mnaoandika kuhusu sifa ya kila siku mseme pia kama kuna siku ambazo mtu ameruhusiwa kutosifu.

#18 Binti_Dunda
Pole sana ndugu yetu. Mungu awatie nguvu wewe na mama watoto.

#19 Sauti_ya_Nyikani
Pole sana, ndugu. Waliokuambia hivyo walikosa upendo. Hata hivyo Ayubu, siku aliyowapoteza watoto wake wote, alianguka chini akasujudu na kulibariki jina la Bwana (Ayubu 1:20–21). Sisemi hivyo kukulaumu. Nasema mlango huo upo hata siku hiyo.

#20 Mwanglikana_Muheza
Pole, Mkwezi. Ayubu alisema hayo katika sura ya 1, na katika sura ya 3 akailaani siku aliyozaliwa, na vyote viwili vimo katika kitabu kimoja. Zaburi ya 13 ina aya sita tu: inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau hata lini, na inafika kwenye wimbo. Zaburi ya 22 inaanza kwa kuachwa, na sifa inaingia baadaye. Lakini Zaburi ya 88 haifiki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na hakuna mhariri aliyethubutu kuiongezea "Haleluya" mwishoni. Ipo ndani ya kitabu cha sifa jinsi ilivyo, na katika mpangilio wetu wa siku 30 ilisomwa kila mwezi. Kwangu mimi hiyo ndiyo ruhusa unayoiuliza.

#21 Mlutheri_Soni
Waebrania 13:15 inaiita sifa dhabihu, na dhabihu humgharimu mtu. Sidhani kwamba asiye na cha kutoa siku hiyo anafukuzwa madhabahuni. Wengine wanaweza kuimba kwa niaba yake, na labda hapo ndipo kwaya niliyoisema vibaya inapata kazi yake halisi.

#22 Binti_Dunda
Niongeze kwamba Kanisa letu lenyewe hunyamaza kwa makusudi. Wakati wa Kwaresima hatuimbi Aleluya, na "Utukufu kwa Mungu juu mbinguni" huachwa isipokuwa siku za sherehe na sikukuu. Ikirudi usiku wa Pasaka, hata waliokuwa wanasinzia huamka. Nafikiri sifa inayotamkwa kila dakika hupoteza ladha, na hapa natofautiana na wanaotaka iwe mdomoni saa zote.

#23 Katekista_Mstaafu
Ni kweli kwa sisi wa Magharibi. Waorthodoksi huendelea kuimba Aleluya hata katika mfungo wao mkuu, tena katika ibada za siku za mfungo huimbwa zaidi, kwa hiyo ukimya huo si sheria ya Wakristo wote. Na hata katika Kwaresima yetu "Atukuzwe Baba" haikatwi. Zaburi ya 34 inasema nitamhimidi Bwana kila wakati, nayo haina kifungu cha kuitoa Kwaresima.

#24 Katibu_Chumbageni
Asanteni nyote, na pole nyingi kwa Mkwezi. Nimepeleka sehemu ya mjadala huu kwenye jumuiya. Tumekubaliana kwamba kabla ya kufungua daftari la nia tusome Zaburi moja isiyo na ombi lolote ndani yake, polepole, kisha tukae kimya kidogo ndipo shida zisemwe. Jana tulianza na ya 145. Mama mmoja alisema alikuwa hajawahi kusali bila kuomba kitu na aliona kama amesahau jambo nyumbani. Mzee mwingine amelalamika kwamba tunarefusha ibada na chai inapoa. Orodha niliyonayo ni 8, 100, 103, 104, 145, 148 na 150. Mwenye nyongeza aseme.

#25 Mwanglikana_Muheza
Ondoa ya 104, maana aya yake ya 35 inaomba wenye dhambi waondoshwe katika nchi. Hilo ni ombi, tena kali.

#26 MamaVitumbua_Ngamiani
Ya 104 msiitoe jamani! Ndiyo yenye bahari kubwa, na vyombo vinavyopita, na viumbe visivyohesabika, na sisi wa Tanga tukiitoa hiyo tutabaki na nini? Katibu aishie aya ya 34.

#27 Katekista_Mstaafu
Kukata Zaburi si jambo la kufanyia mkekani, mama. Ingawa, ili niwe mkweli, katika Sala ya Kanisa, ile ya Zaburi za vipindi vya siku, iliyorekebishwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Zaburi za 58, 83 na 109 ziliachwa, pamoja na aya kadhaa za nyingine, kwa sababu ya ukali wa laana zake.

#28 Mwanglikana_Muheza
Sisi tulizisoma zote, na aya ya 35 tuliisoma. Anayeombea wenye dhambi waondoke huku naye ni mmojawao anapaswa kuimaliza Zaburi hiyo kwa sauti, maana neno la mwisho, ndani ya aya hiyohiyo, ni "Haleluya". Katibu, iache kwenye orodha, lakini usiishie ya 34.